Upelelezi bado haujakamilika: kisa cha Erick Kabendera

Jumatatu ya tarehe 29 Julai 2019 watu waliovaa kiraia walifika nyumbani kwa mwandishi Erick Kabendera, Dar es Salaam, wakamchukua wakaondoka naye. Ndugu hawakuelezwa vizuri anapelekwa kituo gani. Azory Gwanda, aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti, alikuwa ametoweka tangu Novemba 2017 na hajaonekana tena, kwa hiyo watu hawakusubiri tamko la mtu yeyote. Neno lililosambaa jioni ile lilikuwa moja: ametekwa.

Kesho yake Kamanda wa Polisi wa Kanda Maalumu ya Dar es Salaam, Lazaro Mambosasa, akawaambia waandishi kwamba hakuna utekaji, Kabendera yuko mikononi mwa polisi na anahojiwa kuhusu uraia wake. Watu wakashusha pumzi. Ukiitazama leo unaona jinsi tulivyokuwa tumefika pabaya: mwandishi kukamatwa na polisi ikawa habari ya kumshukuru Mungu.

Kisa hiki kimeelezwa mara nyingi kama kisa cha serikali iliyomfunga mwandishi kwa sababu ya alichoandika. Sina ugomvi na maelezo hayo, ila yanaruka sehemu ninayoiona kuwa nzito zaidi. Katika siku 210 alizokaa ndani, hakuna hata moja aliyokaa kwa kosa la uandishi. Hati ya mashtaka haikutaja makala, gazeti wala sentensi hata moja aliyoiandika. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, ambayo wanahabari tuliipigia kelele kwa miaka mitatu, haikuguswa. Kilichofanya kazi ni sheria ambazo waandishi wengi hawakuwahi kuzifungua, pamoja na kalenda ya Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu.

Kwanza uraia. Hilo halikuwa jipya kwake, kwa sababu mwaka 2013 yeye na wazazi wake walikwisha kuhojiwa kuhusu uraia, na likaisha. Sasa likafufuliwa. Katikati ya wiki upepo ukageuka: mawakili wake wakaelezwa kwamba kinachochunguzwa ni uchochezi, kuhusiana na makala ya jarida la The Economist la Uingereza iliyomshutumu Rais Magufuli kwa kubomoa uhuru wa nchi. Hapa pana jambo dogo linalochekesha kama una roho ya kucheka. The Economist haliandiki majina ya waandishi wake. Makala zake hutoka bila jina, ni desturi yake ya tangu zamani. Kabendera aliyaandikia magazeti mengi ya nje, likiwemo hilo, lakini kumfungulia mtu kesi kwa makala isiyo na jina la mtu ni kazi, na mbele ya hakimu ingekuwa kazi zaidi.

Huenda ndiyo sababu uchochezi haukufika mahakamani. Jumatatu iliyofuata, tarehe 5 Agosti, wakati mawakili wake wakiwa wamekwisha kufungua maombi ya kutaka apewe dhamana, Kabendera alifikishwa Kisutu na kusomewa mashtaka matatu mapya kabisa. La kwanza, kusaidia genge la uhalifu. La pili, kukwepa kodi ya zaidi ya Shilingi milioni 173. La tatu, kutakatisha fedha. Makosa hayo yalidaiwa kutendeka kati ya Januari 2015 na Julai 2019.

Sheria inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 tangu akamatwe. Yeye alikaa wiki nzima, na ndani ya wiki hiyo tuhuma zilibadilika mara mbili. Mtu unayemjua kosa lake humkamati kwanza halafu ukaanza kulitafuta.

Tulitazame shtaka la tatu kwa karibu, kwa sababu ndilo kufuli lenyewe.

Kukwepa kodi peke yake ni kosa linalodhaminika. Angeleta wadhamini, akaweka mali au hati, akarudi nyumbani, akawa anakuja mahakamani kila akiitwa huku anaendelea kuandika. Kutakatisha fedha hakuna dhamana. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kimeliweka kosa hilo kwenye fungu moja na mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Haijalishi una familia, una nyumba, una ugonjwa, au unadaiwa kutakatisha shilingi ngapi. Hakimu hana la kupima.

Sasa angalia kilichotakatishwa. Ni zile zile milioni 173. Hoja ya upande wa mashtaka ilikuwa kwamba hakulipa kodi hiyo, na kwa kuwa aliendelea kuwa nayo huku akijua ni zao la kosa la kukwepa kodi, basi amezitakatisha. Hakuna akaunti ya siri, hakuna kampuni hewa, hakuna masanduku ya noti. Ni fedha moja iliyohesabiwa mara mbili: mara ya kwanza kama deni la Mamlaka ya Mapato (TRA), mara ya pili kama uchafu. Kwa mantiki hiyo kila mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye malimbikizo ya kodi ni mtakatishaji, na hana haki ya dhamana. (Wafanyabiashara wenyewe waliielewa hoja hii kabla ya waandishi. Miaka ile wengi wao walikuwa gereza la Segerea kwa mtindo huo huo, na sisi tuliandika habari zao kana kwamba haziwezi kutuhusu.)

Upande wa pili nao una hoja, na si haki kuupita. Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa na magazeti ya London kwa fedha za kigeni ana mapato, na mapato yana kodi. Kalamu si msamaha wa kodi. Serikali ilisema kila mara kwamba hakuna aliye juu ya sheria kwa sababu ya taaluma yake, na kwa hilo iko sahihi. Lakini TRA ina utaratibu wake. Inafanya makadirio, inapeleka madai, inatoa nafasi ya kupinga, kuna bodi ya rufani za kodi, na mwisho wa yote inakamata akaunti au mali. Utaratibu huo upo kwa ajili ya kupata kodi. Njia iliyochukuliwa hapa ilimpeleka mlipa kodi mahali ambako hawezi kuingiza hata senti moja.

Shtaka la kwanza, la genge la uhalifu, nalo lilikuwa na kazi yake. Liliiingiza kesi chini ya Sheria ya Kudhibiti Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupanga. Hii ni sheria ya mwaka 1984, mtoto wa msako wa walanguzi wa 1983, enzi za Sokoine, wakati watu walipokuwa wakitupa marobota ya khanga na mifuko ya sukari vichakani usiku wasikutwe nayo. Chini yake, mahakama yenye mamlaka ni Mahakama Kuu. Kisutu inapokea tu hati, inamsomea mtu mashtaka, na kumwambia asijibu chochote kwa kuwa haina mamlaka ya kuisikiliza kesi, mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, atoe kibali.

Aliyewahi kukaa mabenchi ya Kisutu anajua kinachofuata. Karandinga la Magereza linaingia asubuhi kutoka Segerea, mahabusu wanashushwa wawili wawili. Ndugu wamejipanga ukutani na chupa za maji, wakitafuta jicho la mtu wao. Kesi inaitwa. Wakili wa Serikali anasimama, anainama kidogo, anasema shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa, upelelezi bado haujakamilika, wanaomba tarehe nyingine. Wakili wa utetezi anasimama, analalamika kwamba mteja wake yuko ndani na ugonjwa, anaomba upande wa mashtaka uharakishe. Hakimu anawaasa upande wa mashtaka wafanye haraka. Anataja tarehe, wiki mbili mbele. Mshtakiwa anarudi rumande. Jambo zima linachukua dakika chache, halafu inaitwa kesi ya mtu mwingine na maneno ni yale yale.

Kwa Kabendera hilo lilirudiwa zaidi ya mara kumi.

Kwenye kesi za kawaida sheria imeweka kikomo: siku 60 zikipita upelelezi haujaisha, mahakama inaweza kumwachia mshtakiwa. Kesi za uhujumu uchumi zimetolewa kwenye kikomo hicho. Kwa hiyo sentensi ile ya upelelezi inaweza kusemwa leo, mwezi ujao na mwaka ujao, na hakimu akaipokea kila mara bila kuvunja kifungu chochote. Wapo waliokaa miaka kwa sentensi hiyo, na majina yao hayakuwahi kufika London.

Linganisha na magazeti. Mseto lilifungiwa Agosti 2016 kwa miaka mitatu, likaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2018 majaji wakasema waziri alikosea. MwanaHalisi lilifungiwa Septemba 2017 kwa miezi 24, na Julai 2018 Mahakama Kuu ikaitupa amri hiyo. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Najua, ushindi huo ulibaki kwenye karatasi kwa muda mrefu, na leseni zilirudishwa Februari 2022 chini ya Rais Samia. Aliyezirudisha ni Nape Nnauye, waziri yule yule aliyelifungia Mseto. Lakini kulikuwa na karatasi. Waziri alipofungia gazeti alitia sahihi amri, amri ikataja habari iliyomkera, na wakili akapata kitu cha kushika: hapa umekosea, hapa hukutusikiliza, hapa sheria haisemi hivyo.

Kabendera hakuwa na karatasi ya namna hiyo. Asimame aseme nini? Kwamba makala ilikuwa ya kweli? Hakuna aliyetaja makala. Kwamba anaonewa kwa uandishi wake? Wakili wa Serikali angemwuliza uandishi umeingiaje kwenye kesi ya kodi. Watetezi wa uhuru wa habari walipopiga kelele, jibu lilikuwa limekwisha kuandaliwa: hii si kesi ya habari. Tarehe 9 Agosti balozi za Marekani na Uingereza zilitoa tamko la pamoja zikionyesha wasiwasi kuhusu haki za watuhumiwa kuminywa, zikaitaja kesi yake. Kisutu haikusikiliza tamko, ilitaja tarehe nyingine.

Mwishoni mwa Agosti mawakili walieleza mahakamani kwamba anapata shida kupumua usiku na mguu mmoja umekosa nguvu, wakaomba apelekwe hospitali kupimwa. Waliokuwapo walimwona akitembea kwa tabu. Mama yake, Verdiana Mujwahuzi, alirekodiwa akimwomba Rais amsamehe mwanawe. Mama yule hakuzungumza kama mtu anayejibu hoja za kisheria. Alizungumza kama wazazi wetu wanavyozungumza na mkubwa, kwamba kama mtoto amekukosea, mimi mzazi nimekuja kuomba radhi. Sijui kama kuna uchambuzi wa kesi hii uliofika karibu na ukweli kuliko alivyofika yeye. Hakutaja kodi. Alielewa kwamba kuna mtu amekasirika, na kwamba ufunguo anao mtu huyo.

Na kweli, mlango uliofunguka haukuwa wa mahakama. Septemba 2019 Bunge lilikuwa limeingiza kwenye sheria utaratibu wa makubaliano kati ya mshtakiwa na DPP: unakiri, unalipa, adhabu inapungua. Mwezi huo huo Rais Magufuli alimshauri DPP, Biswalo Mganga, awape watuhumiwa wa uhujumu uchumi siku chache za kuomba msamaha na kurudisha fedha, kisha siku zikaongezwa. DPP akatangaza kwamba watuhumiwa 467 wamekubali kurudisha zaidi ya Shilingi bilioni 107. Oktoba mawakili wa Kabendera wakaieleza mahakama kwamba naye ameandika barua kwa DPP na kwamba anamwomba Rais msamaha.

Kuna waliosononeka kusikia hivyo, wakaona amesalimu amri. Mimi sina ujasiri wa kumhukumu mtu aliyeko Segerea nikiwa nimekaa sebuleni. Lakini ukweli wa kisheria ni kwamba siku ile kesi ilihama. Haikuwa tena swali la kama alikwepa kodi au la. Ikawa ni bei.

Majadiliano yakaburuzwa. Tarehe 31 Desemba 2019 mama yake akafariki dunia. Siku mbili baadaye wakili wake, Jebra Kambole, alisimama Kisutu kuomba mteja wake aruhusiwe kwenda kwenye misa ya kumuaga, hata kwa ulinzi wa askari, hata kwa saa chache. Upande wa mashtaka ulipinga. Mahakama ikasema haina mamlaka.

Nimelisoma tukio hilo mara nyingi nikitafuta mahali pa kumlaumu hakimu, na sipati kwa urahisi, jambo linalonikera zaidi. Ukianza na hati iliyoandikwa vile, basi mahakama isiyo na uwezo wa kusikiliza kesi haina uwezo wa kutoa dhamana, na isiyo na uwezo wa kutoa dhamana haina uwezo wa kumtoa mtu kwenda kumzika mama yake. Kila hatua inafuata iliyoitangulia. Mtu mzima, mtoto wa marehemu, alirudishwa kwenye karandinga, na misa ikasomwa bila yeye. Katika nchi ambayo ofisi nzima hufungwa watu wakaenda msibani kwa mtu wasiyemfahamu vizuri, hilo liliingia mioyoni kuliko mashtaka yote matatu.

Jumatatu ya tarehe 24 Februari 2020 kesi iliitwa tena, safari hii kwa maneno mengine. DPP aliliondoa shtaka la genge la uhalifu. Kabendera akakiri kukwepa kodi na kutakatisha fedha. Kwa kukwepa kodi alitozwa faini ya Shilingi 250,000 au kifungo cha miezi mitatu, na akatakiwa kuilipa serikali kodi ya zaidi ya milioni 172 kwa awamu ndani ya miezi sita. Kwa utakatishaji, milioni 100. Hizo milioni 100 zikalipwa siku ile ile, akatoka.

Tuziweke namba hizo pamoja. Kosa lenyewe la kodi, lile ambalo ndilo mzizi wa yote, mahakama ililithamini kwa laki mbili na nusu au miezi mitatu gerezani. Alikuwa amekwisha kukaa karibu miezi saba. Yaani angekiri siku ya kwanza na kushindwa kulipa faini hiyo, angetoka mwanzoni mwa Novemba na kumkuta mama yake hai. Hesabu hii si ya kisheria kabisa, nakiri, maana shtaka la utakatishaji lilikuwepo pia. Lakini inaonyesha gereza lilikuwa upande gani wa hukumu. Kifungo kilikuja kwanza, kesi ikaja baadaye kukifunga.

Je, kukiri kwake kunathibitisha kwamba alikosa? Kisheria ndiyo, iko kwenye kumbukumbu za mahakama. Kwa mtu anayetaka kujua kilichotokea, kukiri kwa mtu asiyejua atatoka lini, ambaye hakuwahi kuulizwa kama anakubali au anakana kwa miezi yote ile, kunathibitisha tu kwamba aliulizwa swali la kwanza siku aliyokuwa na jibu moja. Upelelezi uliokuwa haujakamilika tangu Agosti haukuhitajika tena. Ushahidi wa genge la uhalifu hatukuwahi kuuona, wala wanachama wengine wa genge hilo, kama lilikuwa na mwanachama wa pili.

Kabendera hakuwa wa mwisho. Akiwa bado Segerea, tarehe 20 Desemba 2019, mwanasheria Tito Magoti wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu alikamatwa Dar es Salaam na watu waliovaa kiraia. Polisi walithibitisha baadaye kwamba wanaye. Alipofikishwa Kisutu pamoja na mwenzake mtaalamu wa kompyuta, mashtaka yalikuwa na genge la uhalifu na utakatishaji, safari hii wa Shilingi milioni 17. Walitoka Januari 2021, kwa makubaliano na DPP.

Kwenye vyumba vya habari somo lilieleweka bila mtu kulisema. Zamani mhariri alipoletewa habari nzito aliuliza: ushahidi upo? Wakili ameisoma? Baada ya 2019 likaongezeka swali ambalo halihusiani na habari kabisa: wewe mambo yako ya TRA yamekaaje? Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa vocha, bila mkataba wala risiti, hana jibu zuri kwa swali hilo. Habari inawekwa pembeni. Hakuna amri ya waziri, hakuna gazeti lililofungiwa, hakuna cha kupeleka Arusha kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki. Tanzania ilikuwa nafasi ya 71 kwenye orodha ya uhuru wa habari ya Waandishi Wasio na Mipaka mwaka 2016, ikafika ya 118 mwaka 2019, lakini orodha haiwezi kuhesabu habari zilizowekwa pembeni.

Yapo yaliyobadilika tangu hapo. Mei 2021 Mganga aliteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu, akaiacha ofisi ya mashtaka. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa, na mlango huo wa makosa makubwa ndio ule ule aliopitishiwa Kabendera. Mwaka 2023 fedha za makubaliano na DPP zikaanza kuulizwa hadharani, na Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ikapewa kazi ya kuutazama mfumo mzima.

Kifungu cha 148(5) chenyewe kilikaribia kuondoka mapema zaidi. Raia mmoja alifungua shauri Mahakama Kuu akisema kumnyima mtu dhamana bila kumpa hakimu nafasi ya kupima ni kinyume cha Katiba. Mei 2020, Kabendera akiwa nje na bado ana awamu za kodi za kumalizia, majaji wakakubaliana naye, na wakaipa serikali muda wa kukirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Mahakama ya Rufani ikasikiliza haraka, ikakirudisha kifungu kama kilivyokuwa. Hukumu hiyo ilisomwa tarehe 5 Agosti 2020, mwaka mmoja kamili tangu Kabendera asomewe mashtaka Kisutu na kuambiwa asijibu kitu.